Asiye na Kivuli: Kuigeuza Dracula Kuwa Mchezo wa Redio

Mabibi na mabwana, waandishi, waigizaji, na ninyi mafundi wa sauti ambao kazi yenu haionekani lakini ndiyo inayosikika: asanteni kwa kuitikia wito.

Nianze na kioo cha kunyolea. Katika sura ya pili ya riwaya ya Dracula, wakili kijana Jonathan Harker ametundika kioo chake karibu na dirisha, ugenini katika ngome ya mwenyeji wake Dracula, mnyonya damu, na ananyoa ndevu. Ghafla anahisi mkono begani na kusikia sauti ikimsalimu asubuhi njema. Anashtuka, anajikata kidogo. Akitazama kioo, chumba chote kimo, kasoro mtu mmoja: yule aliyemshika bega. Bram Stoker alilichapisha tukio hilo mwaka 1897 kwa ajili ya msomaji. Ninyi mnalipeleka kwa msikilizaji asiyeona kioo, asiyeona bega, asiyeona tone la damu kidevuni. Mtafanyaje?

Njia ya mkato tunaijua. Harker anapiga ukelele, "Mungu wangu, simwoni kwenye kioo!", muziki unalia, na tukio limekufa palepale, kwa sababu tumeambiwa jambo ambalo hatukulisikia. Njia inayofaa inaanza mapema zaidi. Rudini kwenye usiku wa kwanza, mgeni alipofika mlangoni. Stoker mwenyewe ametuandikia orodha ya milio: hatua nzito zinakuja nyuma ya mlango mkubwa, minyororo inatikisika, makomeo yanavutwa, ufunguo unasaga kwenye kufuli lisilotumika siku nyingi. Usiku huo mwenyeji ana uzito, ana viatu, ana mlango. Basi mpeni vyote hivyo, kwa ukamilifu. Halafu, tukio baada ya tukio, mnyang'anyeni. Usiku wa pili hatua zinasikika lakini nguo hazichakarishi. Baadaye mlango hausikiki, yumo tu chumbani. Ikifika asubuhi ya kioo, msikilizaji anasikia wembe ukikwaruza, maji kwenye bakuli, pumzi za Harker, ubao wa sakafu chini ya Harker, kisha ile salamu sikioni, bila hatua hata moja kabla yake. Hapo Harker hana haja ya kueleza. Anachotakiwa kufanya ni kunyamaza sekunde mbili, wembe udondoke kwenye bakuli, ndipo aseme kwa sauti ndogo: "Sikukusikia ukiingia."

Hilo ndilo nililokuja kulisema. Mnyonya damu wa hadithi hizi za kale hatengenezwi kwa kuongeza sauti. Anatengenezwa kwa kuondoa. Van Helsing, daktari mzee anayeongoza kumwinda Dracula, anasema katika kitabu kwamba kiumbe huyu hana kivuli wala taswira kwenye kioo, na kazi yetu ni kutafuta kivuli cha sikio ni kipi, kisha kukifuta. Kivuli cha sikio ni hatua, pumzi, nguo, na mwangwi wa chumba.

Mwangwi ndio unaosahaulika, na ndio wenye nguvu kuliko vyote. Mkirekodi tukio la ukumbi wa ngome, Harker akae sentimita 25 hadi 30 kutoka kwenye kipaza sauti, na katika kuhariri mpeni mwangwi wa ukumbi wa mawe, wa sekunde mbili hivi. Mwenyeji wake akae sentimita 6 hadi 8, kinywa kimegeuzwa pembeni kidogo ili herufi p na b zisipulize, aseme polepole kwa sauti ya chini, na msimpe mwangwi wowote. Wako chumba kimoja, lakini mmoja tu ndiye aliye ndani ya chumba. Msikilizaji hatajua kwa nini ngozi inamsisimka. Kosa linalotokea mara nyingi ni fundi kuweka mwangwi kwenye mkondo mkuu wa mchanganyiko badala ya mkondo wa kila mwigizaji, hivyo wote wawili wanaoga maji yaleyale na kazi yote ya kipaza sauti inapotea. Kosa la pili: kipaza sauti kikikaribiwa hivyo huvimbisha besi. Kateni kila kilicho chini ya hezi 80 (hezi ni mitetemo ya sauti kwa sekunde, ndogo ni nzito, kubwa ni kali), na punguzeni kidogo eneo la hezi 150 hadi 250, la sivyo maneno yatasikika kama yametoka ndani ya mtungi.

Na tafadhali, msiishushe sauti yake kwa programu ili iwe nzito. Kiswahili hakivumilii hilo. Silabi za mw, ny na ng' zinakuwa uji, na msikilizaji anaanza kujitahidi kuelewa badala ya kuogopa. Mtafuteni mwigizaji mwenye adabu. Mwenyeji wa Harker ni mtu wa adabu mno, na adabu yake ndiyo inayotisha.

Sasa tukitazame kitabu chenyewe, maana wengi wanakishika kama riwaya yenye msimulizi mmoja, na hakiko hivyo. Dracula ni bunda la hati: shajara ya Harker iliyoandikwa kwa hatimkato, shajara ya mchumba wake Mina, barua za Lucy rafiki wa Mina, telegramu, vipande vya gazeti, kitabu cha safari cha nahodha, na shajara ya Daktari Seward, ambayo haikuandikwa bali ilitamkwa kwenye fonografu, mashine ya kunasa sauti kwenye silinda za nta. Yaani mwaka 1897 Stoker ameshatuwekea rekodi ya sauti ndani ya hadithi. Katika sura ya 17, Seward anagundua kwa aibu kwamba miezi yote aliyorekodi hajui namna ya kutafuta sehemu moja mahususi ndani ya silinda zake. Mina anazisikiliza zote, kisha anamwambia kwamba mashine ile ni katili kwa ukweli wake, kwa kuwa imebeba uchungu wa moyo wake kwa sauti ileile aliyoutamka, na anaamua kuyapiga chapa maneno yote ili asiwepo mtu mwingine wa kuusikia uchungu ule. Katika sura ya 21 adui anazitupa silinda motoni, na nta inauchochea moto. Hakuna mwandishi wa redio atakayepata zawadi nono kuliko hiyo, na bado michezo mingi inamfanya Seward asimulie kama mtangazaji wa taarifa ya habari.

Kwa hiyo kila sauti ipewe chombo chake. Seward mwanzoni asikike kwa ukanda mwembamba: kateni chini ya hezi 300 na juu ya hezi 3,000, wekeni mkwaruzo wa sindano kwa mbali sana. Lakini ukanda huo udumu sekunde 10 hadi 15 tu, kisha ufunguke taratibu hadi sauti safi. Mkiuacha dakika tatu, msikilizaji aliye kwenye daladala au matatu atazima. Mkwaruzo urudi mwishoni mwa maelezo yake, sekunde tano, kufunga. Harker apewe kalamu na karatasi. Mina taipureta, lakini kwa kipimo, maana mlio wa taipureta una makali yanayogombana na herufi s na sh. Barua za Lucy hazihitaji mlio wowote, kwa kuwa ni msichana anayemnong'oneza rafiki yake.

Kuna jambo la sarufi hapa, nalo ni letu wenyewe. Mkiandika shajara ya Harker kwa -li- na -ka-, "nilifungua dirisha, nikachungulia, nikamwona", kila msikilizaji anajua kwamba Harker alipona na sasa anasimulia akiwa amekaa kitako. Lakini kitabu kinampa shajara anayoiandika akiwa bado mfungwa. Tumieni -na- na -me-. Chukueni lile tukio la sura ya tatu: "Nimechungulia. Kichwa chake kimetoka dirishani. Anatoka. Anatambaa ukutani, kichwa chini, kama mjusi." Kila mmoja wetu amelala chini ya dari yenye mjusi, hivyo mnalipata neno hilo bure kabisa. Msiliwekee mlio. Hata vidole kwenye jiwe msiweke.

Nigusie mfano wa kihistoria. Jumatatu ya tarehe 11 Julai 1938, saa tatu usiku kwa saa za New York, kituo cha CBS nchini Marekani kilirusha Dracula kama mchezo wa kwanza kabisa wa mfululizo wa Mercury Theatre wa mwigizaji na mwongozaji Orson Welles. Welles alikuwa na umri wa miaka 23. Aliigiza Seward na akaigiza pia Dracula. Agnes Moorehead alikuwa Mina, Martin Gabel alikuwa Van Helsing, George Coulouris alikuwa Harker, na muziki ulikuwa wa Bernard Herrmann. Miezi mitatu na nusu baadaye kundi hilohilo likarusha ule mchezo wa wavamizi wa kutoka Mars ambao dunia inaukumbuka zaidi, lakini kwa mwandishi anayejifunza kukata, huu wa Julai una somo kubwa kuliko ule.

Fanyeni hesabu. Riwaya ina sura 27 na kwa Kiingereza inapita maneno 150,000. Mchezo wa Kiswahili wa saa moja, ukiwa na nafasi ya milio na ukimya, hubeba maneno 6,000 hadi 6,500. Mercury waliamua nini? Walimchukua Arthur Holmwood, mchumba wa Lucy, wakamyeyusha ndani ya daktari, akazaliwa mtu mmoja: Daktari Arthur Seward. Tazameni faida yake. Anayemtibu Lucy sasa ndiye anayempenda, ndiye anayetusimulia, ndiye atakayesimama kaburini. Wasikilizaji wanabaki na sauti chache za wanaume za kutofautisha, na kila kauli ya daktari ina uzito mara mbili. Kitabuni wanaume watatu waliomposa Lucy, pamoja na Harker na Van Helsing, wanafanya wanaume watano, na ukimtoa mzee Van Helsing, umri wao hauachani sana. Macho yanawatofautisha kwa majina, lakini sikio linawachanganya kufikia dakika ya saba. Mwenye saa moja asivuke wanaume watatu wema. Mwenye mfululizo mrefu ana nafasi zaidi. BBC Radio 4 mwaka 1991 waliigawa hadithi hiyo sehemu saba, na hapo watu wote wanapata pumzi.

Halafu angalieni jinsi kitabu kinavyomtumia Dracula mwenyewe. Anazungumza kwa wingi katika sura nne za mwanzo. Akishafika Uingereza anakuwa karibu kimya: sentensi chache hapa, vitisho vichache pale. Mwandishi wa redio hujisikia vibaya kumlipa mwigizaji mzuri halafu amnyamazishe, kwa hiyo anamtungia hotuba. Msifanye hivyo. Kila sentensi mnayomwongezea inamrudishia mwili.

Sasa Demeter, na hapa nataka tukae kidogo, kwa kuwa nadhani kundi lolote linaloanza lianze na merikebu hii, si na kitabu kizima. Ni sehemu ya sura ya saba. Meli ya Kirusi, ambayo Dracula amejificha ndani yake, inatoka Varna, bandari ya Bulgaria, tarehe 6 Julai ikiwa na mchanga mweupe na makasha ya udongo. Watu ni tisa: nahodha, wasaidizi wake wawili, mpishi, na mabaharia watano. Tarehe 16 Petrofsky haonekani. Tarehe 17 baharia Olgaren anasema ameona mtu mrefu mwembamba, si wa chombo hiki, akipita sitahani. Tarehe 24 mwingine amepotea zamu ya usiku. Tarehe 29 msaidizi wa pili hayupo. Tarehe 30 wawili kwa mpigo, mlinzi na mshika usukani. Wamebaki wanne. Usiku wa kuamkia tarehe 3 Agosti mwingine. Tarehe 3 mshika usukani hayupo mahali pake, na msaidizi wa kwanza, aliyeshuka falkani, kwenye shimo la mizigo, kufungua makasha, anapanda akiwa amerukwa na akili na kujitupa baharini. Tarehe 4 nahodha yuko peke yake, na anaamua kujifunga mikono kwenye usukani. Meli inaingia Whitby, bandari ya Uingereza, na dhoruba, maiti imeshika usukani, na mbwa mkubwa anaruka kutoka omo, mbele ya chombo, na kupotea gizani. Stoker alikaa Whitby mwaka 1890, na miaka mitano kabla yake meli ya kweli ya Kirusi, Dmitry, ilikuwa imesukumwa na dhoruba hadi ufukweni palepale.

Mnaona kinachofanyika? Ni hadithi ya kutoa. Basi itengenezeni kwa kutoa.

Kabla ya kuandika mazungumzo, mpeni kila mtu wa chombo mlio mmoja wa kazi. Mpishi, kifuniko cha sufuria. Baharia wa kwanza, pampu ya maji ya ngama. Wa pili, ufagio sitahani. Wa tatu anapiga mluzi. Wa nne anakohoa. Wa tano anachonga kipande cha mti kwa kisu. Msaidizi wa pili ana kengele ya zamu, wa kwanza ana buti zenye misumari, nahodha ana kalamu. Dakika tatu za mwanzo milio yote tisa iwepo, chini ya upepo na mbao. Chombo kisikike kama soko. Kisha kila tarehe ya kitabu cha safari, ondoeni mlio wa mtu huyo, na msitangaze. Mluzi usiwepo tu. Tarehe isomwe baada ya mlio kukosekana, si kabla. Ikiwezekana upite muda wa sekunde 20, ili msikilizaji ahisi pengo kabla ya kujua jina. Kufikia tarehe 3 amebaki na buti na kalamu. Buti zikakimbia, zikapanda, kimya. Ikabaki kalamu. Kisha nahodha anaiweka chini, kwa kuwa mikono inakwenda kufungwa, na hakuna tena sauti ya mtu kwenye chombo isipokuwa pumzi yake.

Linaloharibika hapa ni upepo. Fundi akiona sauti zinapungua anaogopa, anapandisha upepo kujaza pengo. Upepo ubaki kiwango kilekile kuanzia dakika ya kwanza hadi ya mwisho. Utasikika kuwa umepanda, kwa sababu vingine vimeshuka.

Mbao za meli ni rahisi: kiti kikuukuu cha mbao kinachokaliwa na kuinukwa polepole, na mkanda mpana wa ngozi unaosokotwa karibu na kipaza sauti. Walio Lamu, Zanzibar au Bagamoyo wana bahati ya kurekodi jahazi lililotia nanga, mlingoti na kamba vikilalamika vyenyewe. Tanga ni turubai linalopigwa hewani, si shuka. Maji ndiyo yenye mtego. Beseni husikika kama beseni. Rekodini mkono ukizungusha maji kwenye ndoo kubwa, kisha punguzeni mwendo wa rekodi hadi nusu. Sauti inashuka oktavu moja na ndoo inakuwa bahari. Rekodini kwa kiwango cha sampuli 96,000 kwa sekunde ikiwa kifaa kinaruhusu, ili mkipunguza mwendo makali ya maji yasipotee.

Nahodha asome kwa lugha kavu. "Tarehe 16. Petrofsky haonekani. Nimewauliza wote. Hawasemi." Hati yake, kwa mujibu wa kitabu, imefika gazetini baada ya kutafsiriwa na karani wa ubalozi mdogo wa Urusi, hivyo hata ukavu wa tafsiri unahalalishwa na hadithi yenyewe.

Nihamie kwenye maneno, maana hapa ndipo michezo ya Kiswahili inapojikwaa bila kujua.

Kwanza, cheo cha Dracula, kwa Kiingereza "Count". Programu za kutafsiri zitawaletea "Hesabu Dracula", nanyi mtacheka, lakini nyingine zinaleta "Kaunti", na Kenya nzima itamwona gavana. Harker amwite "Bwana Mkubwa", watumishi na wanakijiji wamwite "yule wa ngomeni". Inatosha.

Pili, jina la aina yake. Wapo wanaopenda kutumia mumiani. Ninawasihi muache. Mumiani tunayemjua, yule aliyevumishwa Nairobi, Kampala na Tanganyika enzi za mkoloni na kuitwa pia wazimamoto, ni mtu hai, ana mshahara, ana gari, anachukua damu kwa niaba ya wakubwa. Hofu yake ni ya utawala na hospitali. Dracula ni maiti isiyooza, haitumwi na mtu. Mkimwita mumiani, msikilizaji mzee atasubiri gari lenye king'ora katika milima ya Transylvania. "Mnyonyaji" nalo, kwa aliyesikiliza hotuba za baada ya Azimio la Arusha la 1967, ni bepari mwenye mirija. Semeni "mnyonya damu", maneno mawili, na kwa vijana "vampaya" haina ubaya.

Tatu, mbwa mwitu. Biblia imelizoesha neno hili kwa mnyama wa Ulaya, lakini anayeishi jirani na Mikumi anajua mbwa mwitu ni nani, na si yule anayelia kwa sauti ndefu akiinua kichwa angani. Wekeni mlio kwanza, mrefu, wa mbali, mmoja tu. Mwingine ujibu. Ndipo mtu alitaje jina. Msikilizaji ataunganisha jina na mlio mliompa, na picha ya hifadhini haitapata nafasi. Kwa sababu hiyohiyo, angalieni usiku mnaourekodi. Usiku wetu una nyenje na vyura. Harker anafika mlimani mwanzoni mwa Mei, na usiku wa Karpati wakati huo ni baridi, upepo, pengine bundi. Nyenje mmoja tu kwenye rekodi na ngome imehamia Morogoro. Mvua nayo isinaswe kwenye bati. Mvua bila kitu cha kugonga husikika kama redio iliyopoteza mawimbi, ndiyo maana watu hukimbilia bati, lakini paa la mawe ni zito na halilii. Nyunyizieni maji juu ya vigae au mawe bapa, kipaza sauti nusu mita.

Na kuna hodi. Van Helsing anaeleza kwamba mnyonya damu hawezi kuingia katika nyumba mara ya kwanza mpaka mmoja wa wenyeji amkaribishe. Wasomaji wengi duniani wanaliona hilo kama sharti la kichawi. Kwetu ni adabu ya kila siku, na msikilizaji atalishika papo hapo. Kishawishi kinakuja: Dracula apige hodi dirishani kwa Lucy! Msikubali. Kitabuni kinachosikika dirishani ni kitu kinachopigapiga kioo, kama mabawa. Acheni mlio huo urudi usiku tatu, mfupi, mkavu, bila neno. Lucy ndiye atakayesema "karibu", akiwa nusu usingizini, kwa sauti ya mtu anayejibu hodi ambayo sisi hatukuisikia.

Kigingi cha kaburini, kile anachochomwa Lucy moyoni katika sura ya 16 baada ya kufa na kugeuka mnyonya damu, kila mtu ananiuliza. Katika studio ya CBS mwaka 1938, inasimuliwa, kabichi na mpini wa ufagio uliochongwa vilimchukiza Welles kwa kuwa vilisikika majani matupu. Kabichi ikatobolewa na kutiwa maji, bado haikufaa, mwishowe likaja tikiti maji na nyundo. Tikiti bado halijapata mshindani. Lichagueni lililoiva kupita kiasi kidogo, liwekwe juu ya taulo lililokunjwa mara nne ili meza isilie, kipaza sauti sentimita 30 kwa ubavu kikiwa kimefunikwa kwa mfuko mwembamba wa plastiki. Rekodini tabaka mbili mbalimbali: nyundo ya mbao juu ya kigingi kilichosimikwa kwenye gogo, na kigingi kilekile kikiingia tikitini. Tabaka la mbao litangulie la tikiti kwa muda mfupi sana, sehemu ya mia ya sekunde. Mapigo yasiwe na mdundo sawa. La kwanza, kimya kirefu kuliko sikio linavyotarajia, kisha yanayofuata haraka. Ukelele wa mwigizaji urekodiwe peke yake, mita moja, kiwango kimeshushwa hadi kilele chake kisizidi desibeli 6 chini ya sifuri, yaani chini ya kikomo cha juu cha rekodi.

Kunyonya damu kwenyewe msikuwekee mlio wa midomo. Msikilizaji atacheka au atachefuka, na vyote viwili vinamtoa hadithini. Kateni mlio uliokuwepo, saa ya ukutani au mvua, katikati ya tiktak, na acheni pumzi ya Lucy ivunjike mara moja. Na msikumbuke jua la sinema: kufa kwa mwanga wa asubuhi kulianza na filamu ya Ujerumani ya 1922. Dracula wa Stoker anatembea mtaa wa Piccadilly, London, mchana, na mwisho wake, tarehe 6 Novemba, ni visu viwili jua likizama.

Wenye waigizaji wawili watatu tu, chukueni Carmilla ya Sheridan Le Fanu, iliyotoka 1871 na 1872, ni fupi, na karibu yote iko kinywani mwa msichana mmoja, Laura. Tatizo lake ni kitendawili cha majina ya mnyonya damu mmoja: Carmilla, Millarca, Mircalla, herufi zilezile nane zimepangwa upya. Kwa macho ni rahisi, kwa sikio la Mwingereza ni kazi. Sisi tuliocheza kinyume, ule mchezo wa kupindua silabi, tukiwa watoto tuna mlango wetu: Ka-mi-la, Mi-la-ka, Mi-ka-la. Mpeni Laura ayatamke polepole, silabi kwa silabi, mara moja tu, na msikilizaji atafika kabla yake.

Haki miliki haina kizuizi kwa vitabu hivi. Le Fanu alifariki 1873, Stoker 1912, na sheria za Kenya na Tanzania zinalinda kazi ya mwandishi maisha yake na miaka 50 baadaye. Skripti za redio, filamu na muziki wa Herrmann ni kazi nyingine, na huenda zina wenyewe. Tafsirini kutoka kitabuni, msitafsiri kutoka mchezo wa mtu.

La mwisho ni simu. Wasikilizaji wenu wengi watasikiliza kwa spika moja ndogo ya simu au sikio moja la spika za masikioni. Mapigo ya moyo ya hezi 60 hayapo kabisa kwenye spika hiyo, kwa hiyo ongezeeni kila pigo mgongo mdogo kati ya hezi 400 na 1,000, kama kidole kikigonga kifuniko cha boksi. Msitegemee kushoto na kulia kueleza nani yuko wapi, tumieni umbali. Mchanganyiko mzima uwe kwenye -16 LUFS, kipimo cha ukubwa wa sauti unavyosikika, kwa stirio, -19 kwa mono, lakini msiubane hadi mnong'ono na ukelele vilingane, kwa kuwa mtakuwa mmelisawazisha pengo mlilotumia wiki nzima kulichimba. Na baada ya neno la mwisho msikate faili. Programu za podikasti hurukia kipindi kinachofuata papo hapo. Acheni sekunde 12 za chumba kitupu kilekile cha usiku wa kwanza, upepo, mawe, bila mtu. Kwenye sekunde ya tisa, mbali sana, rudisheni hatua moja nzito ya kile kiatu tulichokisikia nyuma ya mlango.